Ile Safari Yetu ya Durban

Raya mwanangu,

Niliaga kwamba nakwenda kutia petroli. Petroli nimeshatia, na sasa nimeegesha gari Azaiba, mbele ya bahari, kiyoyozi kinanguruma na karatasi nimeiegemeza kwenye usukani. Asri imepita na jua bado kali. Nyumbani Mabela sina pa kukaa. Sanduku lako liko wazi katikati ya sebule, mama yako upande mmoja, dada zake upande wa pili, na kila nilipokaa niliambiwa nimekalia kitu. "Baba Haitham, hebu inuka, umekalia mashuka ya mtoto." Nikahamia kiti kingine, kumbe kina nguo zako zilizopigwa pasi. Mwisho nikachukua ufunguo wa gari.

Sitakuandikia habari za chakula, wala baridi, wala watu wa kujihadhari nao. Hayo mama yako ameshakwambia, na atakwambia tena kesho uwanja wa ndege. Mimi nataka kukusimulia ile safari yetu ya Durban. Utasema, Baba, nilikuwepo. Kweli ulikuwepo, wakati ule bado una vyuma vya meno. Nimekusikia mara nyingi ukiwahadithia marafiki zako: tumbili aliyeingia barazani hotelini akaondoka na mkate, mawimbi yanayoangusha mtu mzima, ufukwe wa watu wa kila namna, na kaka yako Haitham aliyekununulia ule mkate wao unaotobolewa katikati ukajazwa mchuzi wa nyama. Kila ukisimulia, mimi hunyamaza. Lakini kesho unakwenda kuishi katika mji huo huo, na si haki niendelee kunyamaza.

Unajua kazi yangu ilikuwa nini kabla sijastaafu. Wizarani, mimi ndiye niliyeratibu safari za wajumbe. Mkubwa akishuka ndege mji wowote, gari lipo, chumba kipo, na kama ana sukari, chakula chake kimeandaliwa. Hakuna mjumbe aliyekwama mikononi mwangu, na jambo hilo nilijivunia kuliko nilivyoonyesha. Basi Haitham, aliyekwenda kufanya kazi bandarini Durban, alipoacha kuja Muskat, Idi hii kazi nyingi, Idi ile kazi nyingi, nikasema tutamwendea sisi. Kwangu hilo lilikuwa jambo la kupanga, na kupanga ndiyo kazi niliyoijua.

Nilichagua mwezi wa saba. Hapa mwezi wa saba mtu hagusi mlango wa gari kwa mkono mtupu; kule ni majira yao ya baridi, lakini baridi ya pwani, kama Januari yetu, mchana shati jepesi na jioni sweta. Nilisoma kwamba wakati wa joto lao mvua hunyesha na hewa huwa nzito, na sikutaka kumtoa mama yako kwenye jasho nimpeleke kwenye jasho. Nilitafuta hoteli inayotazama bahari, karibu na msikiti. Nikapanga siku ya kwenda kuona simba na siku ya milimani. Nilikuwa na furaha, Raya. Nilikuwa nikikaa mezani na simu mbili kama wakati wa kazi, na mama yako akipita ananicheka.

Tuligombana mara moja tu, kwa sababu ya hoteli. "Mie nende kwa mwanangu, nikalale hoteli?" alisema. "Watu wa bara nyinyi mna mambo." Unajua akikasirika hunikumbusha kwamba sisi tulitokea Mwanza na wao Unguja. Nikamwambia Haitham ni kijana anayeishi peke yake, nyumba yake ndogo, tusimbane. Nilisema vile kwa kukisia. Haitham mwenyewe alikuwa hajaniambia nyumba yake ina vyumba vingapi.

Nilikuwa nikimpigia simu kila nikikamilisha jambo.

"Haitham, unaonaje tukakaa karibu na bahari?"

"Vyema, Baba."

"Au karibu na kwako?"

"Popote, Baba."

"Tuje mwanzo wa mwezi au katikati?"

"Yote sawa, Baba."

Nikikata simu namwambia mama yako, kijana gani huyu, hana neno na mtu. Niliona utiifu. Nimewapangia watu safari umri wangu wote na najua kwamba mtu mwenye afya ana siku anayoitaka na siku asiyoitaka. Hata mjumbe mpole kuliko wote atakwambia Alhamisi siiwezi. Mtu ambaye siku zote kwake ni mamoja, kuna kitu. Hilo nililijua kwa wageni, nikalisahau kwa mwanangu.

Ukikumbuka, alikuja kutupokea uwanja wa ndege. Shati jeupe, limenyooshwa, nywele zimekatwa siku ile ile. Mama yako alimkumbatia hapo mlangoni mpaka watu wakawa wanatuzunguka na mikokoteni yao. "Mwanangu umekonda." "Kazi, Mama." Njiani aliendesha huku akituonyesha mashamba ya miwa, akakufundisha maneno ya Kizulu, na wewe ukapiga kelele kila neno likifanana na letu. Nyama ni inyama. Nyoka ni inyoka. Mbuzi ni imbuzi. Mama yako akasema, "Basi hawa ndugu zetu," akafurahi kama aliyepata ukoo mpya.

Na ile jioni ya kwanza ufukweni, unayoisimulia kila mara, ilikuwa kweli yote. Sitaki uione sasa kama uongo. Haitham alicheka. Alikukimbiza mpaka kwenye maji. Mabibi wa Kihindi wamekaa ukutani na sari zao wanakula karanga, vijana wa Kizungu wanatoka majini na mbao zao za kuchezea mawimbi, watoto wa Kizulu wanajenga magari ya mchanga, na mama yako na buibui lake, amevua viatu, hakuna aliyemtazama mara mbili. Aliniambia, "Hapa mtu anaweza kukaa." Nikajiona nimefaulu.

Siku ya pili Haitham alituma ujumbe kwamba kazini wamempeleka nje ya mji, kwenye mitambo ya bandari nyingine, atarudi kabla hatujaondoka. Wewe ulinuna. Mama yako alisikitika lakini akasema kazi ni kazi. Na mimi niliuamini ule ujumbe, Raya, sikuwa na shaka hata kidogo. Siku ya tatu nilichukua halwa na ndimu kavu na samaki mkavu, vile vitu vyake ambavyo mama yako alivibeba kutoka huku, nikasema nitampelekea kwake nimwachie mlinzi, asije akarudi jokofu tupu.

Nyumba yake ilikuwa mtaa wa kilimani, majengo ya zamani, miti mikubwa, tumbili juu ya mapaa. Getini alikaa mlinzi, mtu wa makamo. Nilipomwambia namtafuta Haitham, alisimama.

"Wewe ni baba yake?"

"Ndiyo."

"Karibu, Baba." Wao nao husema baba, neno lile lile. "Vizuri umekuja. Yuko juu."

Nikamwambia hapana, amesafiri kikazi. Yule mlinzi hakubishana nami. Alisema kwa upole, "Yuko juu, Baba. Huyu hatoki. Juzi ndiyo nimemwona akienda kwa kinyozi, nikashangaa."

Nilibisha hodi muda mrefu. Nilipomsikia akija, nilisikia miguu ikiburuzwa, nikadhani nimekosea mlango na nimemsumbua mzee wa watu. Akafungua. Alikuwa amevaa lile lile shati jeupe la uwanja wa ndege, limekunjamana, amelala nalo siku mbili. Nyuma yake giza. Mapazia yamefungwa, vyombo vimejaa hadi sakafuni, na harufu ya chumba kisichofunguliwa. Kazi ile ya bandarini ilikuwa imekwisha zamani. Haikuwepo hata wakati ule tunazungumza habari za hoteli.

Nilimuuliza, "Sasa juzi? Ulikuwa mzima juzi. Ulicheka."

Akakaa kitandani. Akasema taratibu, "Juzi nilikuwa nimejiwekea akiba, Baba. Wiki nzima sikufanya kitu, najikusanya kwa ajili ya juzi. Sasa imekwisha."

Nitakwambia nilichofanya. Nilifungua mapazia. Nikaanza kuosha vyombo. Nikawa nasema huku naosha, kwamba nitabadilisha tiketi, tutaondoka wote kesho kutwa, namjua daktari Muskat, namjua mtu wa kumpatia kazi, mambo yatakuwa hivi na hivi. Nilikuwa namratibu. Yeye amejikunyata, amegeukia ukuta, na mimi nimemgeuzia mgongo, natafuta sabuni.

"Baba," akasema, "kaa tu."

Sikuweza kukaa. Nilimuuliza, nani kakuudhi? Hakuna. Kuna mwanamke? Hakuna, Baba. Kuna mtu kakufanyia kitu? Hakuna. Basi sisi, mimi na mama yako, tumekukosea nini? Hapo akageuka, akanitazama kwa huruma, Raya, yeye ndiye akanionea huruma mimi. "Hamjanikosea kitu. Ningekuwa najua sababu ningekwambia, Baba. Na mimi naitafuta."

Afadhali angenitukana. Afadhali angesema, ulinipeleka shule nisiyoitaka, ulinipiga siku fulani, hukunisikiliza. Kosa lina njia ya kutubia. Tangu siku ile nimekuwa nikirudi nyuma mwaka baada ya mwaka nikitafuta nilipokosea, na makosa nimeyaona mengi, kwa sababu nani hana, lakini hakuna hata moja lenye ukubwa wa chumba kile.

Alipokuwa mdogo, wewe hujazaliwa, tulikuwa tukienda Qantab siku za Ijumaa. Pale kwenye ile ghuba ndogo ya wavuvi maji ni matulivu, basi tunawaacha watoto wacheze. Siku moja Haitham alikanyaga pasipo na chini. Nilimwona anazama, sikusikia sauti hata moja, na nikaingia na kanzu yangu nikamshika ukosi nikamtoa. Alitapika maji, akalia, akala samaki, tukarudi nyumbani. Nadhani siku ile nilijifunza somo baya. Nilijifunza kwamba mtoto akizama, baba huingia akamshika ukosi. Miaka yote nilikuwa tayari kwa hilo. Halafu nikamkuta mwanangu anazama juu ya kitanda kikavu, na sikujua pa kumshika.

Mwisho nilichoka nikakaa. Nilisoma aya nilizozihifadhi, kwa sauti ya chini, mkono wangu uko mgongoni mwake. Akaniacha nisome. Akalala. Juu ya paa tumbili wakawa wanakimbizana, nami nikakaa hapo mpaka adhuhuri ikawa inanipita.

Nilipotaka kuondoka alishika mkono wangu. "Usimwambie Mama. Atalia, na mimi sina pa kukiweka kilio chake."

Nikakubali. Kuanzia siku hiyo nikawa na safari mbili. Moja ni ile uliyoiona wewe: mnakwenda sokoni mnanunua bizari, mnapanda baiskeli za kukodi ufukweni, mama yako anapiga gumzo na mwanamke wa Kisomali mwenye duka kwa Kiarabu na Kiswahili nusu kwa nusu. Nyingine ni yangu. Kila siku nawaambia kuna mtu nakwenda kuonana naye, mtu wa kazi za zamani, na napanda kilimani na chakula kwenye mfuko. Siku nyingine alikula. Siku nyingine alikitazama tu. Siku ya kwenda kuona simba nilisema gari limeharibika, na wewe ulilia, ukaniambia, "Baba, umeahidi," nami nikakukaripia mbele ya watu wa hoteli kwa maneno makali, nikakwambia huna shukrani. Mama yako alinitazama sana. Hukunisemesha mpaka kesho yake, na ulikuwa na haki.

Nilimpeleka kwa daktari. Alikuwa mwanamke wa Kihindi, mzaliwa wa pale pale, mpole. Alikaa na Haitham faragha, kisha akaniita. Akataja ugonjwa kwa Kiingereza. Kwa Kiarabu tunalo jina lake, iktiab, lakini nyumbani kwetu Kiarabu ni cha skuli na serikalini, na Kiswahili chetu cha sebuleni kinajua huzuni tu, na Haitham hakuwa na huzuni. Alisema hasikii kitu moyoni. Daktari akasema dawa zipo, na mazungumzo yapo, na watu hupata nafuu.

"Lini?" nikauliza.

"Sijui, mzee wangu."

"Kwa kukadiria tu."

"Sitaki kukupa tarehe," akasema. "Utaishikilia, na yeye ataiona machoni mwako."

Kuhusu tiketi, nilimbembeleza Haitham aje nasi, akakataa. Alisema Muskat kila mtu atakuja kumtazama, na kila atakayekuja atataka kupokelewa kwa uso mkunjufu, na yeye uso huo hana. Nilimkasirikia. Kisha nikafikiria sebule yetu, na dada zake mama yako, na kahawa, na maswali, nikajua amesema kweli.

Siku ya kuondoka hakuja uwanja wa ndege. Niliwaambia barabara imefungwa, lori limepinduka. Mama yako aliendelea kutazama mlango wa kuingilia mpaka walipotuita mara ya mwisho. Ulimrekodia ujumbe, ukamwambia, "Kaka, mwakani tunakuja tena, ujue, na simba lazima." Nilikuwa nimesimama nyuma yako.

Mama yako nilimwambia baada ya kurudi, tukiwa jikoni, wewe uko skuli. Nilidhani atalia. Hakulia. Aliweka kisu chini akasema, "Siku zote zile alikuwa pale pale kilimani, na mie nazunguka madukani nanunua bizari." Nikasema, aliniomba. Akasema, "Alikuomba wewe. Mie hakuniomba. Umenipitisha mlangoni kwa mwanangu, Baba Haitham, nisijue." Aliacha kunisemesha muda mrefu, na wewe ulidhani ni kwa sababu ya mambo ya kustaafu kwangu. Ndipo akaanza kila alichoweza. Kafara tulichinja. Maji ya Zamzam yalikwenda na msafiri. Sheikh alimsomea kwa simu. Alitaka kurudi Durban wiki ile ile, Haitham akamsihi asije. Nikaona namna mbili za kutojiweza ndani ya nyumba moja: yangu ya kukaa kimya, na yake ya kutokaa chini.

Na Haitham, kama unavyomjua sasa, yuko. Hakupona kama mtu anavyopona homa, na hakupotea. Dawa alizianza akaziacha, akazianza tena. Kuna miezi anafundisha hisabati watoto wa majirani, anatuma picha ya chakula alichopika. Kuna wiki simu inalia mpaka inakatika. Nimejifunza kutouliza "unaendeleaje." Namwambia habari zangu ndogo ndogo: jirani kapaka ukuta rangi mbaya, nimekula papa kanichafua tumbo. Siku nyingine hujibu. Somo langu lote la miaka hii ni dogo kiasi hicho, nami naona haya kukupa kama urithi.

Sasa nikufikie wewe. Ulipopata nafasi ya chuo Durban, na nyingine Malesia, na nyingine hapa hapa Muskat, ukasema utakwenda Durban, mama yako uso wake ulifunguka. Na mimi pia. Nilikwambia ni chuo kizuri, na kweli ni kizuri. Lakini sikufurahi kwa sababu ya chuo. Nilifurahi kwamba sasa kutakuwa na mtu wetu kule. Nilikutazama wewe, mtoto wa mwisho, na nikaona mlinzi. Hili halinipendezi kuliandika.

Juzi nilikuwa ukumbini nikakusikia jikoni ukimwambia mama yako, "Msijali, Mama, nitamtunza Kaka." Khalati zako, dada zake, wakakuombea dua. Nilitaka kuingia niseme neno, nikashindwa kulipata. Neno lenyewe ni hili: hutaweza. Nilikuwa mtu mzima, nina nguvu zangu, na mji mzima nimeupanga kiganjani, na sikuweza. Si kwamba wewe ni dhaifu. Ni kwamba kitu hiki hakiondolewi na anayependa. Ukienda kwake akafungua, ingia, kula naye, mcheke. Ukienda asifungue, mwachie chakula na urudi darasani kwako, na usome, na jioni uende ufukweni na wenzako. Usikae mlangoni. Ukikaa mlangoni utakosa mwaka, naye atajua ni kwa ajili yake, na utakuwa umemwongezea. Sijui kama mtu mwenye miaka yako anaweza kufanya hivyo. Mimi nimeshindwa; mimi bado niko mlangoni.

Na ikitokea siku ukaogopa kweli, akasema jambo la kutisha, usilibebe peke yako wala usilifiche kama nilivyoficha mimi. Mpigie daktari wake kwanza, kisha tupigie sisi, hata saa za usingizi. Hatutakuwa na la kufanya kutoka huku, lakini tupigie.

Mama yako ameshaanza kusema habari za kuja. Anataka baada ya Ramadhani. Jana aliniuliza hoteli, nikamwambia sijui. Ameshangaa, hajawahi kunisikia nikisema hivyo kuhusu hoteli. Safari hii tutasubiri mtuambie nyinyi wawili, na kama Haitham atasema tusije, tutakuja kukuona wewe, na tutakuwa hotelini, na yeye atajua tupo. Mama yako hajakubali hilo. Bado tunalizungumza.

Jua limeshuka sasa, na watu wameanza kuja na mikeka yao. Mama yako amepiga simu mara mbili. Bila shaka sanduku limezidi uzito na anataka mtu wa kugombana naye.

Nilisema sitakupa maagizo ya kila siku. Nitakupa hili moja. Asubuhi ya leo Haitham alinipigia mwenyewe, jambo ambalo hajalifanya muda mrefu. Aliniuliza ndege yako inatua saa ngapi, akasema, "Nitakuja kumpokea, Baba." Sauti yake ilikuwa nzuri. Nikamwambia inshallah, nikamshukuru. Kisha nilipokata simu nikatafuta kampuni ya teksi ya kule nikakuagizia gari. Sikumwambia. Dereva atakuwa upande wa kushoto ukitoka, ameshika karatasi yenye jina lako. Usimwendee kwanza. Simama, tazama watu, tazama vizuri, maana huenda kaka yako amekonda tena. Ukimwona Haitham, mkimbilie, na yule dereva mpite kama humjui, ameshalipwa, ataelewa. Usipomwona, subiri kidogo. Kisha umwendee dereva, upande gari, usilie mbele yake, na umtumie kaka yako ujumbe kwamba umefika salama.

Baba yako